Mkono wa mbali: mapigo ya moyo yakitumwa, ni ukaribu au upelelezi?

Saa ya mkononi ya Apple ilipotoka mwaka 2015, ilikuja na jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani: ukibonyeza kioo kwa vidole viwili, mwenzako mwenye saa kama hiyo, popote alipo, anagongwa polepole mkononi kwa mwendo wa moyo wako. Hata kabla ya hapo, CuteCircuit, kampuni ya mavazi yenye vifaa vya kielektroniki, walibuni shati la kukumbatiana kwa mbali. Ukiyaeleza haya barazani hapa Lamu, utaambiwa ni mchezo wa wenye pesa, kwamba moyo hautumwi kama salio.

Naona tunahukumu mapema. Nyanya yangu yuko Langoni, macho yake yana mtoto wa jicho. Mjukuu wake yuko Dammam, Saudia. Ijumaa baada ya sala tunamshikia simu mbele ya uso. Video inafunguka, naye haoni ila mwanga. Sauti inakatika. Hapo hupeleka mkono akapapasa kioo, akitafuta shavu. Akilikosa, huurudisha mkono mapajani na kuuliza, "U mzima, mwanangu?" Hujibiwa kuwa ni mzima. Hata mwezi ule kijana alipokuwa kitandani na homa, alijibu vivyo hivyo.

Sisi ambao shikamoo yetu husemekana ilianza kama "nashika miguu yako", ambao hata zawadi ya sikukuu tunaiita mkono wa Idi, ndio tungeelewa kinachokosekana hapo. Ngozi yenye vinyweleo ina mishipa ya fahamu inayoitikia hasa mpapaso wa polepole, kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, tena wenye joto la mwili. Picha haiifikii mishipa hiyo. Kweli, saa inayogonga nayo haipapasi. Lakini nyanya angalau angepata kitu cha kushika.

Wanaopinga, wanaosema mapigo yakitumwa yatageuka upelelezi, wana hoja nzito, nayo imeninyima raha. Saa humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi, damu huunyonya, na kwa kupungua na kuongezeka kwa mwanga unaorudi, mapigo huhesabiwa. Ila hesabu haisemi sababu. Moyo hukimbia kwa ngazi za ghorofa, kwa homa, kwa furaha, kwa aibu. Mume aliye ng'ambo akiona moyo wa mkewe ulifika mapigo 120 kwa dakika saa nane mchana, atauliza, na kila jibu litazaa swali jingine. Mke akichoka ataivua saa. Hapo kuivua kwenyewe kutakuwa kosa, ataulizwa alikuwa anaficha nini. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, lakini ugomvi wa chumbani hauendi kwa kamishna wa data.

Ndiyo maana vile vidole viwili ni muhimu kwangu. Kijana wa Dammam akibonyeza kwa hiari yake, ametoa mkono, na akiondoa vidole, umekwisha. Saa inayomwaga mapigo yake usiku na mchana bila yeye kuombwa ni kitu kingine kabisa, nami singemvisha mtu wangu. Ile ya kwanza ningeinunua kesho, kama ingetengenezwa bila kioo, ya kitambaa, ya kumfunga nyanya mkononi Ijumaa baada ya sala na kumfungua akishaagana na mjukuu wake.