Takwimu za sensa zirudi kijijini

Kila wilaya ya India ina kitabu chake cha sensa, na ndani ya kitabu hicho kila kijiji kina mstari wake. Kijiji kikubwa kina mstari, kijiji cha kaya kumi kina mstari, hata kijiji ambacho watu walihama zamani kimeandikwa jina na namba yake, kikaelezwa kuwa hakina mkazi. Katika yote niliyoyakuta huku ugenini, hili ndilo ninalolionea wivu zaidi, na ndilo ningependa ndugu zangu wa nyumbani tulidai bila kuchoka.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Naishi Gandhidham, wilaya ya Kachchh, jimbo la Gujarat, na kazi yangu ni makaratasi ya shehena za mbao. Mji huu unaishi kwa mbao. Bandari ya Kandla iko jirani, na viwanda vya kupasua magogo vimejipanga barabarani kimoja baada ya kingine. Nimeshika hapa mbao za mitiki ya Longuza, shamba la miti lililoko wilayani kwetu, nikasoma alama zake kwenye yadi kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Kachchh ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India, zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Ukiunganisha mikoa ya Tanga na Kilimanjaro bado hujaifikia. Sehemu kubwa yake ni jangwa la chumvi liitwalo Rann, ambalo mvua zikinyesha hugeuka maji matupu. Lakini kwa watu tunalingana: sensa ya India ya 2011 iliikuta Kachchh na watu 2,092,371, na sensa yetu ya 2012 iliukuta mkoa wa Tanga na watu 2,045,205. Kwa hiyo sidhani kama nawaonea watu wa nyumbani ninapolinganisha.

Kitabu chenyewe kina sehemu mbili. Moja ni muhtasari wa watu: kaya, wanaume, wanawake, watoto wasiozidi miaka sita, wanaojua kusoma na kuandika, wakulima wenye shamba lao, vibarua wa mashamba ya wengine, wenye kazi za mikono nyumbani, na waliobaki. Nyingine ni orodha ya vijiji na miji pamoja na huduma zake: shule, zahanati, maji, posta, benki, basi, umeme, ardhi inayomwagiliwa na isiyomwagiliwa, mji wa karibu na umbali wake. Hata neno mji lina kipimo. Mahali pasipo na manispaa huhesabiwa mji pakiwa na watu wasiopungua 5,000, robo tatu ya wanaume walio kazini wawe nje ya kilimo, na msongamano usiwe chini ya watu 400 kwa kilomita ya mraba. Diwani hawezi kuamka asubuhi akatangaza kijiji chake ni mji.

Kilichonigusa hasa ni herufi. Huduma ikiwa haipo kijijini hawaweki kistari wakaendelea mbele. Wanaandika a, b au c. Herufi a maana yake huduma hiyo iko chini ya kilomita 5 kutoka kijijini, b ni kati ya kilomita 5 na 10, c ni zaidi ya kilomita 10. Niliwahi kusoma mstari wa kijiji kimoja cha taluka (yaani tarafa ya wilaya) ya Lakhpat, upande wa mpaka wa Pakistan. Shule ya msingi ipo, umeme upo, kisha c, c, b, c, c. Huhitaji kujua Kigujarati wala kusomea takwimu ili uelewe. Mama anayetaka kujifungua pale yuko zaidi ya kilomita 10 kutoka hospitali, na serikali yenyewe ndiyo iliyoandika hivyo kwa mkono wake.

Lakhpat yenyewe ndiko alikozaliwa Tharia Topan, tajiri aliyehamia Unguja karne ya 19. Jengo lake lenye veranda za mbao zilizochongwa bado linatazama bahari pale Mizingani. Zamani Lakhpat ilikuwa bandari yenye utajiri wake. Tetemeko la 1819 lilibadilisha njia ya maji, biashara ikafa, na leo kuta za ngome ni ndefu kuliko mahitaji ya watu waliobaki ndani. Katika kitabu cha sensa ni kijiji kidogo chenye mstari mmoja, sawa na vingine.

Mstari huo una kazi gani kwa mwanakijiji? Karani mwenzangu ofisini ni mtu wa kijiji kimoja cha taluka ya Nakhatrana, na alinifungulia jedwali la wilaya kwenye simu yake wakati wa chai. Lipo wazi kwenye intaneti, bure, kila mtu anaweza kulipakua. Alishuka nalo mpaka kwenye kijiji chao, akanionyesha safu ya usafiri. Mwaka mmoja walichapisha mstari ule, wakaupeleka kwenye mkutano wa kijiji, mkuu wa kijiji akauambatanisha na barua ya kuomba basi. Ofisi ya taluka haikuweza kuwajibu kwamba italichunguza suala hilo, maana uchunguzi ulikuwa umeshafanywa na serikali. Ilibidi iandike jibu lenye sababu. Basi bado halifiki mpaka kijijini kwao, lakini ombi limo kwenye faili, lina tarehe, na mwenzangu hulizungumzia kama deni ambalo mdaiwa amekwisha kulikiri.

Sasa nije nyumbani. Sisi tumehesabiwa vizuri, na nalisema kwa fahari. Agosti 23, 2022 makarani walipita na vishikwambi, Kamisaa Anna Makinda alikuwa amezunguka nchi nzima akihimiza, na Oktoba 31 mwaka uleule Rais Samia alitangaza matokeo Dodoma: watu 61,741,120. India, pamoja na wataalamu wake wa kompyuta ambao dunia nzima inawagombea, haijahesabu tangu 2011. Sensa ya 2021 ilikwamishwa na korona, ikaahirishwa mara kwa mara, na sasa siku ya rejea ya hesabu imewekwa Machi 1, 2027.

Ucheleweshaji huo unaumiza watu. Sheria ya chakula ya 2013 inawapa nafaka ya ruzuku hadi asilimia 75 ya watu wa vijijini na asilimia 50 ya watu wa mijini, lakini idadi ya wanaostahili bado inatokana na sensa ya 2011. Aliyezaliwa baada ya hapo, au familia iliyoongezeka, inagombania nafasi zilizopangwa kwa watu wa miaka mingi nyuma. Kachchh wanalijua hili kuliko wengi. Januari 26, 2001, wiki mbili tu kabla ya makarani kuingia mitaani, tetemeko liliangusha Bhuj, Anjar na Bhachau, likaua maelfu kwa maelfu. Matokeo ya awali ya sensa ile yalipotoka, Kachchh nzima iliwekewa makadirio, kwa sababu hapakuwa na milango ya kubisha hodi. Hesabu halisi ilikuja baadaye.

Kwa hiyo hesabu mpya tunayo sisi, wao wanayo ya zamani. Na tuna zaidi ya hiyo. Mwaka 2022 kulikuwa na dodoso la jamii, ambalo viongozi wa vitongoji, mitaa na shehia waliulizwa huduma zilizopo na zisizopo kwao. Maana yake taarifa za namna ileile ya herufi a, b na c zilikusanywa pia kwetu, kitongoji kwa kitongoji. Nilimwomba kaka yangu apite ofisi ya mtendaji wa kijiji chetu, upande wa milima ya Amani, aulize kijiji kina watu wangapi na umbali wa huduma ulioandikwa. Alikuta kalenda ukutani, ramani iliyofifia, na daftari la wakazi lililojazwa kwa kalamu za rangi tatu. Idadi ya kata aliipata. Ya kijiji, mtendaji aliikadiria kwa kichwa. Simlaumu hata kidogo. Ni kijana anayefanya kazi nyingi kwa vifaa vichache, na hakuna aliyempelekea karatasi.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Bibi yangu alikaa nyumbani siku nzima kumsubiri karani, akajibu maswali yote, umri, choo, kuni, bati, ng'ombe. Alitoa habari za maisha yake kwa uaminifu, na sijaona sababu ya kijiji chake kutorudishiwa ukurasa mmoja unaosema: hiki ndicho tulichokiona kwenu.

Si kila safu ya kitabu cha India ningependa ihamie kwetu. Sisi tuliacha kuuliza kabila na dini baada ya sensa ya 1967, na kila mwaka ninaoishi huku naona hekima ya uamuzi ule. Huku dini inaulizwa, na matabaka yaliyoorodheshwa, yaani Wadaliti waliotengwa kwa karne nyingi, wana safu yao. Sensa ya 2027 itaandika tabaka la kila mtu, jambo ambalo halijafanywa kwa ukamilifu tangu 1931. Wanaolitetea wana hoja nzito: viti vya mabaraza ya vijiji na nafasi za kazi hugawanywa kwa idadi hizo, na aliyedhulumiwa karne nyingi hawezi kudai fungu lake bila kuonyesha wako wangapi. Nimezisikia hoja hizo kutoka kwa watu wenyewe na siwezi kuzipuuza. Lakini katika kijiji chenye kaya mbili za Wadaliti, ile namba 9 au 11 kwenye safu yao si takwimu tena. Kila mtu anajua ni nyumba zipi.

Tena orodha haimwoni kila anayestahili. Kachchh kuna Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao walivushwa bahari hii kama watumwa, mabaharia na askari. Sokoni Bhuj mara nyingi naulizwa kama mimi ni mmoja wao. Wasidi wa wilaya za Saurashtra, kama wale wa kijiji cha Jambur karibu na msitu wa Gir, wamo katika orodha rasmi ya makabila yanayopewa nafasi maalumu. Tamko hilo limetaja wilaya kwa majina, na Kachchh haimo. Msidi wa Bhuj akihesabiwa anaingia kwenye jumla tu. Ndugu yake wa upande wa pili wa ghuba ana safu. Jambo hili linanikera kila nikilikumbuka.

Kuna vijiji vingine ambavyo sisi tulio nje ya nchi tungepaswa kuvitazama kwa makini. Karibu na Bhuj, vijiji kama Kera, Baladia na Madhapar, watoto wao wengi wako Nairobi, Mombasa na London. Walikwenda Kenya kama mafundi ujenzi tangu enzi za wakoloni, wakatuma pesa, na pesa zile zimesimamisha mahekalu, shule, hospitali na matawi ya benki yanayozidi mahitaji ya wanaokaa pale. Nyumba nyingi nzuri zina kufuli. Sensa huandika nyumba tupu kama nyumba, na mwenye nyumba hahesabiwi pale. Kilomita chache kando ya barabara hiyohiyo kuna vijiji visivyo na mtu ng'ambo, na mistari yao imejaa b na c.

Mimi mwenyewe ni hivyo. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 nililala Gandhidham, hivyo Tanzania haikunihesabu, na India haijahesabu mtu tangu nifike. Nitakuwa namba kwa mara ya kwanza karani wa hapa atakapobisha hodi Februari 2027. Lakini pesa zangu zinahesabika Muheza kila mwezi, na za wenzangu walioko Muscat, Leeds na Minnesota vilevile.

Najua yatakayosemwa: kwamba namba za kijiji zitafichua siri za watu. Jedwali la huduma halina jina la mtu yeyote ndani yake, na kwa safu za watu inatosha kuchapisha kaya, jinsia, watoto na kusoma. Mengine yabaki kwenye jumla ya kata. Itasemwa pia kwamba ni gharama. Karatasi moja kwa kila kijiji, ibandikwe ofisi ya mtendaji na isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, haiwezi kuwa mzigo kwa nchi iliyonunua vishikwambi kwa makarani wa nchi nzima.

Kikundi chetu cha watu wa Muheza tulio nje kinachangishana sasa hivi kwa ajili ya jengo la kupumzikia wajawazito. Michango imeanza kuingia, na wengi wanataka lijengwe karibu na barabara ya lami, mahali ambapo wageni wataliona. Nimewaomba tusitoe hata shilingi mpaka tupate orodha ya vitongoji vyote vya kata mbili tunazotaka kuzihudumia na umbali wa kila kimoja mpaka zahanati. Kaka yangu ameshaandika barua ya maombi kwenda halmashauri, akiomba majibu ya dodoso la jamii kwa jina la kijiji. Imegongwa muhuri wa kupokelewa. Baadhi ya wenzangu wananiona nawachelewesha akina mama. Mimi nasema tukijenga kwa kukisia tutawajengea wale ambao tayari wana a.