Dawa za koo za Kichina: kinachotuliza na kinachoponya

Mbegu ya pang da hai haina mvuto wowote. Ni ya kahawia, imekunjamana, nyepesi mkononi, kubwa kidogo kuliko kokwa ya tende. Itie kwenye glasi ya maji ya moto, kisha subiri. Baada ya dakika chache ganda linapasuka, nyama ya ndani inavimba, inazidi kuvimba, mpaka glasi karibu yote imejaa ute mzito wa rangi ya kutu. Maji yake karibu hayana ladha, ndiyo maana wengi huongeza sukari ya mawe. Huko China, mwalimu au mwimbaji wa opera akikaukiwa na sauti, hakosi mtu wa kumwambia: kanywe pang da hai.

Kama vitu hivi vinafaa au havifai ni swali linaloulizwa kwa jumla mno. Wapo wanaosema dawa iliyotumika karne nyingi haiwezi kuwa ya bure, na wapo wanaosema kisichopimwa maabara ni uganga mtupu. Mimi siwezi kuchukua upande kabla ya kujua mambo mawili: chupani mna nini, na hicho kilichomo kinagusa wapi mtu akishakimeza.

Tuanze na utabibu wa jadi wa Kichina wenyewe, maana watetezi wake huusingizia kuliko wapinzani. Kusini mwa China, koo linalowasha huhesabiwa kuwa ni joto lililopanda mwilini: umekula vya kukaanga kupita kiasi, umekesha, au hali ya hewa imekuwa kavu. Guangdong na Hong Kong kuna maduka ya mitaani yanayouza liangcha, chai chungu za kupoza mwili, na moja ya majina yake makubwa, Wanglaoji, huhesabu historia yake tangu 1828. Lakini tabibu aliyesoma hampi kila mtu chai hiyohiyo. Koo jekundu lenye homa hupewa maua ya jinyinhua pamoja na tunda la lianqiao. Koo kavu la siku nyingi, la mtu aliyechoka, hupewa mizizi ya kulainisha kama maimendong. Na kuna mgonjwa anayehisi kitu kimemkwama kooni, akikitema hakitoki, akikimeza hakishuki, na daktari akimulika haoni kitu. Hali hiyo Wachina huiita kokwa ya plamu, ina dawa yake peke yake, na tangu zamani waliihusisha na mawazo na huzuni. Hata pang da hai yenyewe, kwa kanuni zao, ni ya koo lenye joto. Mwenye tumbo la baridi linaloharisha anakatazwa. Kwa hiyo muuzaji anayekupa sharubati moja kwa kila kikohozi, kila koo na kila sauti iliyokauka, ameshauacha hata huo utabibu wa jadi anaojivunia.

Sasa upande wa utetezi, na hapa nina hoja ninayoiona nzito kuliko ile ya umri wa dawa. Zaidi ya miaka 1,800 iliyopita tabibu Zhang Zhongjing aliandika dawa ya koo yenye vitu viwili tu, mzizi wa jiegeng na mzizi wa gancao, ambao ni ndugu wa urukususu unaouzwa kwa wauza dawa za Kiarabu na Kihindi pwani yetu. Urukususu huo umeingia hospitali za kisasa kwa mlango usiotarajiwa. Mgonjwa anayewekewa mpira wa kupumulia wakati wa upasuaji mara nyingi huamka koo linamuuma. Majaribio kadhaa yamewapa wagonjwa maji ya urukususu ya kusukutua kabla ya kupigwa nusukaputi, na waliosukutua waliumwa kidogo kuliko wenzao. Angalia lakini kilichofanyika: walisukutua. Dawa iligusa mahali palipouma.

Ukishika jambo hilo, mengi yanaeleweka. Ute wa pang da hai hufunika koo kwa muda. Asali iliyomo kwenye sharubati nzito nyeusi ya pipa gao, inayopikwa kwa majani ya mlokwati na asali, nayo hufanya hivyohivyo. Mnanaa, ambao Wachina huuita bohe, una mentoli, na mentoli huamsha mishipa inayohisi baridi, basi koo linadhani limepoa ingawa joto lake halijabadilika. Majira ya baridi ya 2018, mafua yalipoitesa Marekani, sharubati ya pipa gao ilisakwa New York mpaka bei yake ikapanda. Sioni ajabu. Ni kazi ileile ya tangawizi, asali na ndimu za jikoni kwetu, na hakuna anayemdai bibi yake ushahidi wa maabara kwa kikombe kile.

Tena kuna faida ambayo wapinzani hawaitaji. Kwetu mtu akiumwa koo anakwenda duka la dawa kununua amoksilini, mara nyingine vidonge vinne tu kwa sababu hela ndiyo hiyo. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, ambavyo amoksilini haiviwezi, na dozi za nusunusu hizo ndizo zinazofundisha bakteria kuizoea dawa. Kama kikombe cha maji ya moto chenye mbegu ya Kichina kitamfanya mtu avumilie siku tatu bila kugusa antibiotiki, kimefanya kazi ya maana. Sitaji hata wale ambao bado wanapelekwa kukatwa kilimi kwa wembe eti kikohozi kiishe.

Upande wa pili una hesabu zake, nazo hazikwepeki. Mwaka 2012 mtandao wa Cochrane, unaopitia tafiti za tiba duniani, ulipima upya majaribio 12 ya mitishamba ya Kichina kwa koo linalouma, yenye washiriki karibu 2,000. Baadhi ya dawa zilionekana kuzishinda zile zilizolinganishwa nazo, lakini majaribio yenyewe yaliendeshwa vibaya kiasi kwamba wapitiaji hawakuweza kupendekeza hata moja. Na koo lina tabia inayompendelea muuzaji: bila antibiotiki yoyote, takriban watu 8 kati ya 10 huwa wamepona ndani ya wiki moja. Chochote utakachokunywa siku ya tatu kitaonekana kimekuponya siku ya sita. Ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kabisa, hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Wengine hujibu kwa kumtaja Tu Youyou, aliyepata Nobeli mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Kichina, mmea ambao leo unalimwa hata Kenya na Tanzania. Mfano huo ninaupenda, ila unawageuka wanaoutumia. Tu na wenzake walichambua mmea, wakatoa kiini kimoja, wakakipima. Chai ya mmea huohuo Shirika la Afya Duniani haliikubali kwa kutibu malaria. Dawa za koo nyingi bado ziko kwenye chai, hazijafika kwenye kiini.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, haimo kwenye kikombe. Imo kwenye siku zinazopotea. Mtoto wa shule mwenye homa, mafindofindo yenye usaha, tezi za shingo zilizovimba na asiyekohoa, huenda ana bakteria wa streptokoka. Asipotibiwa, mwili wake unaweza kugeuka na kushambulia vali za moyo. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 huzuia balaa hilo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam hufanyia upasuaji vali zilizoharibika hivyo, na kisa huanza na koo ambalo watu walidhani litapona lenyewe. Mtoto huyo simpi chai nikasubiri, iwe ya Kichina au ya bibi.

Halafu kuna vidonge. Chai ya maua na sharubati ya asali ni kitu kimoja. Liu shen wan ni kitu kingine kabisa, ingawa zote hupangwa kwenye rafu ya koo. Punje hizo ndogo nyeusi, ndogo kuliko ulezi, kwa mapishi yake ya asili zina sumu ya chura, ambayo huuchezea moyo kwa njia inayofanana na digoksini, dawa kali ya moyo, na madini yenye aseniki. Mizizi ya shandougen nayo hutumika kwa koo, lakini ikizidi huleta kizunguzungu, kutapika, hata degedege. Hata urukususu mpole, ukinywewa kila siku kwa wiki nyingi, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya walishauri mtu asivuke miligramu 100 za asidi yake kwa siku. Mwenye presha anayekunywa sharubati tamu asubuhi na jioni akidhani ni asali tu, afadhali asome kibandiko. Na kibandiko chenye maandishi ya Kichina peke yake, bila usajili wa mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Tanzania au wa Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya, sioni sababu ya kukinunua.

Kwenye sauti iliyokauka ndipo ninapoachana na watetezi. Kinachouma kooni unaweza kukigusa kwa chai, nyuzi za sauti huwezi. Ukimeza, kifuniko cha kikoromeo hujifunga na kinywaji hushuka kwenye umio, nyuma ya mahali sauti inapotengenezwa. Kingegusa nyuzi zenyewe ungepaliwa. Maji husaidia kwa njia ya mzunguko, kwa kuupa mwili unyevu, na hayo ni maji yoyote. Matangazo hayasemi hivyo, bila shaka. Peremende za koo za Jinsangzi kutoka Guangxi ziliwahi kutangazwa kwa sura ya Ronaldo wa Brazil, mtu ambaye hakuwa anaishi kwa sauti yake.

Tena sauti hukwaruza kwa mengi: mafua, asidi inayopanda kutoka tumboni, vinundu vya nyuzi kwa wanaopiga kelele, na kwa mvutaji sigara huenda ni saratani ya kikoromeo. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2018 unataka kikoromeo kiangaliwe kama sauti haijarudi kwa wiki 4, na mapema zaidi kama kuna shaka. Mwalimu anayefundisha darasa la watoto 90 kuanzia asubuhi hadi mchana hapati nafuu ya kudumu kwa kunywa kitu, kwa sababu kesho yake atapaza sauti vilevile. Kuna utafiti wa Marekani uliowapa walimu wenye shida hiyo kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni, na wengi walipata nafuu ndani ya wiki chache. Shule inayotaka kuwanunulia walimu wake kitu cha koo ingeanza na hicho.