Kostimu ya Mjomba

Mwezi wa kumi Lubumbashi hauna adabu. Mvua inatishia tu, haishuki, na chumba cha malata kisicho na dari kinafika nyuzi 35 saa nane ya mchana. Kwa mtu ni kero, kwa kiwavi wa hariri ni kesi. Kiwavi hatoi jasho wala hanywi maji. Maji yake yote yanatoka kwenye jani la mforosadi, na joto la mwili wake linafuata la chumba. Wachanga hao wanapenda nyuzi 26 hadi 28, lakini wakishajivua ngozi mara ya nne na kuingia umri wa tano wanataka 23 hadi 25, unyevu wa asilimia 70 hivi, na hewa inayopita. Na umri wa tano ndio wa ulafi: zaidi ya robo tatu ya majani ya maisha yao yote wanayamaliza katika wiki hiyo moja.

Ukiwalisha usiku, kama inavyopasa wakati wa joto, elfu kadhaa wakitafuna pamoja wanasikika kama manyunyu juu ya majani. Mimi nimezoea. Mjomba, aliyeshuka toka Kasenga kuja kupeleka mahari ya mwanawe mtaani Katuba, hapa mjini, hakuwa amezoea, na kitanda chake tulikitandika ukutani pa chumba cha viwavi.

"Mvua! Amkeni! Toeni mabeseni!"

Uani kwetu mtu haulizi mara mbili habari ya maji. Mabeseni yakatoka, ndoo zikatoka, na mama wa mlango wa pili akatoka na sufuria ya bukari, ugali wetu, ambayo haijaoshwa. Wakapanga vyote chini ya malata, wakasimama wakitazama nyota.

"Inanyesha wapi?" mama akauliza.

"Humo ndani," akasema Mjomba, akionyesha chumba changu.

Hiyo ilikuwa utangulizi. Mchana uliofuata umeme ulikatika na feni ikalala. Nilikuwa nimeacha kila kitu sawa: magunia mabichi dirishani, viwavi wametawanywa wasibanane kwenye nyungo, majani yamechumwa alfajiri na kufunikwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu jani likinyauka kiwavi anakula kiu. Nikaenda sokoni kununua chokaa ya kunyunyiza chini yao, ikaushe kinyesi.

Mjomba akachungulia ndani, akaingiwa na huruma. Viwavi wameacha kula, wanatembea pembeni mwa ungo, wananyanyua vichwa na kuvitikisa. Akaamua kwamba wanaomba hewa. Kumbe walikuwa wameiva. Joto huharakisha umri, na kiwavi aliyeiva mwili unakuwa wa kupenyeza mwanga, rangi inaelekea asali, anatafuta pa kupanda na kona ya kushikiza uzi. Kilichotakiwa ni vijiti na matawi makavu. Mjomba akabeba nyungo zote hadi mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, yaani kabati la chumba cha nyuma, akazipanga chini ya kostimu yake ya mahari, akafunga mlango barabara ili joto lisiingie.

Niliporudi wapangaji walikuwa wameshagawana vyumba. Kwenye tundu la kifungo cha juu kulikuwa na mmoja, kichwa kikichora nane, nane, nane, uzi bado unang'aa kwa gundi. Wengine wamejaa kwenye kola, kwenye mifuko, kwenye mkono wa kushoto. Halafu kuna jambo ambalo vitabu hulisema kwa heshima: kabla ya kusuka, kiwavi anamwaga uchafu wote wa tumboni, na wa mwisho ni majimaji. Kostimu ilikuwa ya rangi ya maziwa.

"Watoe," akasema Mjomba.

"Hawatoki. Ukimng'oa aliyeanza kusuka, hariri yake inapotea. Siku tatu za kusuka, na nyingine tatu nne ndani ageuke pupa, yaani nondo ambaye bado hajaota mabawa, ngozi ikomae."

"Mahari ni kesho, mwipwa."

Shangazi akaja na dawa ya mbu mkononi. Nilimpokonya kabla hajabonyeza, kwa maana pumzi moja ya ile ingemaliza hata walio chumba cha pili. Mama wa mlango wa pili akashauri pasi ya makala, yaani ya mkaa. Hakuwa mbali na ufundi, maana vifukofuko, zile nyumba za uzi wanazosuka, hukaushwa kwa hewa ya moto ili pupa afe kabla hajatoboa. Ila si juu ya nguo. Mjomba akaenda kwa wakwe na kostimu yangu, ambayo vifungo vyake vilikataa kuonana na matundu. Alikaa saa tano bila kuvuta pumzi ndefu, na wakwe wakamsifu kwa utulivu.

Mavuno yalikuwa hafifu. Kifukofuko kizuri kinatoa uzi mmoja unaoweza kupita mita 1000. Hivi vya kostimu, ukivibonyeza kwa kidole vinaingia ndani. Mkono wa koti ulitoa mapacha, viwavi wawili nyumba moja, nyuzi zimesokotana hazikunjuliki. Vingine vilikuwa na doa jeusi na harufu: juu ya nyuzi 30 kiwavi anakosa hamu, bakteria wa tumboni wanazidi, mwili unalegea na kuoza. Na mlango uliofungwa ulimaliza kazi. Mkojo wa wote uligeuka mvuke, gundi ikachelewa kukauka, na uzi wa namna hiyo unakatika-katika ukiuvuta kwenye maji ya moto.

Mjomba alinitazama nikivuna toka mfuko hadi mfuko.

"Wamekaa siku ngapi humo?"

"Wiki."

"Basi kuna kodi. Mifuko minne, mikono miwili, na kola ni sebule." Akafikiri kidogo. "Na garanti, amana ya mpangaji, ya miezi sita. Hairudi, wameharibu rangi."