Muuza nyumba anataka mengi kwa dalali, ila mengine sio ya dalali

Mwache mtu anayeuza nyumba aongee, haichukui dakika tano kabla hajaanza kumlalamikia dalali. Hashiki simu. Alisema nyumba itaenda kwa bei hii, sasa hivi anasema tushushe. Analeta watu wa kuja kushangaa vyumba tu. Na mwisho wa yote anachukua kamisheni nono kwa kupiga picha nne na kufungua geti. Hamia upande wa pili umsikilize dalali, nae ana ya kwake: wauzaji wanang'ang'ania bei ya kichwani mwao, wanaficha mgogoro wa hati mpaka mteja amefika na hela mkononi, halafu wakishaletewa mteja wanamzunguka wanamalizana nae wenyewe.

Mimi naona kila mmoja ana haki kwa sehemu yake, tatizo hawagombanii kitu kimoja. Muuzaji anataka vitu vitatu kwa mpigo, bei ya juu, iuzike haraka, na apate mtu wa kumtetea. Sasa cha kwanza hakiko mikononi mwa dalali kama tunavyodhani, cha pili kiko mikononi mwake kuliko tunavyopenda (nitaeleza kwa nini), na cha tatu ndo haki yako kabisa ila wauzaji wengi hawakidai, nguvu zote zinaishia kwenye kuvutana bei.

Tuanze na hiyo bei basi. Kuna mchezo unajulikana kila sehemu ambako nyumba zinauzwa kwa dalali. Unaita watatu waje waangalie, wawili wanakwambia hii ni ya milioni 180 au 185, wa tatu anazunguka zunguka, anasifia dirisha, anasifia bafu, anakwambia 220 bila wasiwasi. Kazi anapewa nani? Wa tatu, tena anapewa peke yake kwa mkataba wa miezi kadhaa. Wiki zinapita, simu zinaanza, soko limepoa bosi, wateja wanaogopa bei, tushushe kidogo tuone, na anashusha hivyo hivyo taratibu hadi mnafika 185 ambayo wenzake walishaitaja siku ya kwanza. Huyo ni muongo, sitamtetea. Lakini nani kamfundisha kudanganya? Soko la kazi yake linamlipa anayetaja bei tamu na linamnyima anayesema ukweli, na sisi wauzaji ndo hilo soko.

Na hasara haiishii kwenye muda. Wanunuzi wengi siku hizi wanaanzia mtandaoni, wanaweka bei ya mwisho wanayoweza, tuseme 200, na mtambo unawaletea za 200 kushuka chini. Wewe uliyeweka 205 ukisema utapunguza ukiombwa, yule mtu mwenye 200 yake hajakuona wala hatakuona. Anayekuona ni mwenye uwezo wa 220, na huyo pembeni yako anaona nyumba ambazo kweli ni za 220, kwaiyo wewe unasaidia kuziuza za wenzio. Halafu tangazo likikaa sana watu wanaanza kujiuliza ile nyumba ina nini mbona haiondoki, na hapo hata ukishusha unakutana na mtu ambaye ameshajua umechoka.

Upande wa muuzaji kuna kitu kingine kinaitwa kuogopa hasara, na hiki sio maneno ya mtaani, kimepimwa. Wachumi David Genesove na Christopher Mayer walichambua mauzo ya nyumba za ghorofa katikati ya jiji la Boston, Marekani, miaka ya 1990, utafiti wao ukatoka 2001. Waliona kwamba mtu ambaye bei ya soko imeshuka chini ya ile aliyonunulia anaweka bei ya juu kuliko jirani yake mwenye nyumba inayofanana nayo, na nyumba yake inakaa sokoni muda mrefu zaidi. Kweli mwishoni anaambulia nyongeza kidogo, ila ni ndogo mno ukilinganisha na alichokuwa anadai. Mnunuzi hana habari ulinunua kwa shilingi ngapi na haimhusu. Dalali anayekwambia hivyo usoni unamuona hana uchungu na mali yako, kumbe pengine ndo pekee anayekuheshimu.

Ila hapa na madalali nao wasijifanye manabii. Mwaka 2021 kampuni ya Zillow ya Marekani, yenye takwimu za nyumba ambazo dalali wa kawaida hawezi hata kuziota, ilitangaza kuacha biashara yake ya kununua nyumba na kuziuza tena, baada ya kujikuta imenunua nyingi kwa bei ya juu kuliko ambayo ingeziuzia. Hasara ya thamani ya nyumba iliyoandikwa kwa robo moja tu ya mwaka ilizidi dola milioni 300, na mkuu wa kampuni akakiri kwamba bei za nyumba zimekuwa ngumu kutabirika kuliko walivyotarajia. Kama wale wamechemka, dalali anayekutajia bei moja kwa uhakika wa asilimia mia muulize ameipata wapi. Anachoweza kukupa mtu mkweli ni bei kuanzia hapa mpaka pale, na nyumba tatu nne zilizouzwa karibuni (zilizouzwa, sio zilizotangazwa) akuonyeshe kwa nini.

Haya, haraka sasa. Hapa ndo inabidi mtu atoe kalamu. Chukua kamisheni ya asilimia 6, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kawaida Marekani. Nusu inaenda kwa dalali wa mnunuzi, inabaki 3. Hiyo 3 dalali wako anagawana na kampuni yake, tuseme nusu kwa nusu, anabaki na 1.5. Maana yake ukipata dola elfu kumi za ziada kwenye bei, yeye mfukoni inaingia dola mia na hamsini. Ili uipate hiyo elfu kumi labda inabidi asubiri wiki tatu nyingine, apokee watu wengine kumi na tano, alipie matangazo tena, na hatari ya mteja aliyepo kuondoka iko pale pale. Wewe ungefanya hivyo kwa mia na hamsini? Kwaiyo anapokwambia hii ofa ni nzuri bosi chukua, anaweza kuwa sahihi kabisa, ila jua kwamba hesabu yake inamsukuma huko hata kama hayuko sahihi.

Na hili nalo limepimwa. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson waliangalia mauzo ya karibu nyumba laki moja eneo la Chicago, wakatenga zile ambazo madalali walikuwa wanauza nyumba zao wenyewe. Matokeo yakachapishwa 2008: madalali walipouza za kwao walipata bei ya juu kwa takriban asilimia 3.7 na waliziacha sokoni siku 9.5 zaidi, ukilinganisha na nyumba zinazofanana za wateja wao. Yaani ya kwake anasubiri, ya kwako anakuharakisha.

Ukitaka kumhukumu dalali kwa namba hizo subiri kidogo. Muuzaji wa kawaida ana haraka zake mwenyewe, amehamishwa kazi, wanaachana na mwenzie, mirathi inagawanywa, kuna mkopo unamkaba. Dalali mwenye nyumba yake anaweza kuchagua msimu. Anajua pia kupanga nyumba iuzike kuliko mteja ambaye ukimwambia apake rangi anakuuliza hela ya rangi anatoa nani. Watafiti walijaribu kuondoa tofauti za namna hiyo kadiri walivyoweza na pengo likabaki, ila mimi sisomi pale wizi, nasoma mtu analipwa ili dili lifungwe na dili linafungwa. Tukitaka alipwe kwa ajili ya bei, tumlipe kwa ajili ya bei.

Wengine wanafanya hivyo, wanakubaliana kiwango kidogo hadi bei fulani halafu asilimia kubwa kwa kila kinachozidi. Inavutia sana kwenye karatasi. Shida yake ni kwamba sasa dalali ana sababu ya kukutajia bei ya chini mwanzoni ili mstari uwekwe chini, akiuvuka aonekane shujaa na alipwe kishujaa. Ukiamua njia hii mstari usiweke yeye, tafuta mthamini anayelipwa ada yake hata nyumba isipouzwa. Na toleo baya kuliko yote la mtindo huu ni cha juu, wewe unasema nataka 180, dalali anatangaza 210, kinachozidi ni chake na hukuambiwa. Kuna wauzaji wanasema poa tu mradi nimepata yangu. Mimi sikubaliani hata kidogo, kwa sababu wateja waliokuwa na 185 waliikimbia ile 210 na hukuwahi kusikia walikuwepo.

Kuhusu kamisheni yenyewe kuwa kubwa, malalamiko sio ya wabahili tu. Oktoba 2023 mahakamani huko Missouri, Marekani, jopo la wananchi wa kawaida wanaoamua kesi liliamua kwamba chama cha taifa cha madalali wa Marekani na makampuni makubwa walikula njama za kuzipandisha kamisheni, fidia ikatajwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi, na kuanzia Agosti mwaka huo dalali wa muuzaji haruhusiwi tena kuweka malipo ya dalali wa mnunuzi kwenye mfumo wao wa pamoja wa matangazo, na mnunuzi anatakiwa asaini mkataba wa maandishi na dalali wake kabla ya kuzungushwa kwenye nyumba. Kwa muuzaji somo liko wazi, asilimia sio amri ya Mungu, inajadiliwa. Ila ukishaibana mpaka mwisho usishangae picha zikipigwa na simu jioni taa zimezimwa. Dalali wa bei chee anaishi kwa kuwa na nyumba nyingi, na yako ni moja kati ya hizo nyingi.

Sasa kile cha tatu, kutetewa. Hapa sina huruma na madalali. Bei ni ya soko, muda una mambo mengi, lakini taarifa ni kazi yake na hazina gharama. Nani alikuja kuangalia nyumba, alisema nini, kwa nini hakurudi. Muuzaji anaweza kuvumilia miezi bila mteja kama anajua kinachoendelea, anachoshindwa kuvumilia ni kuchuniwa. Ukweli mchungu wa mteja ambaye alisema jikoni kunanuka unyevu una faida kuliko "tunaendelea kupambana bosi" mara tano. Uingereza jambo hili halikuachwa kwenye hisani ya mtu, sheria ya mawakala wa nyumba ya 1979 inamtaka wakala aweke wazi maslahi yake binafsi kwenye dili, na agizo la 1991 chini ya sheria hiyo linamtaka apeleke ofa kwa muuzaji mapema na kwa maandishi, isipokuwa zile ambazo muuzaji mwenyewe alisema asiletewe. Hata ofa ya kukera ni yako kuikataa, sio ya dalali kuikalia kwa sababu ana mteja wake mwingine pembeni.

Na huyo mteja wake wa pembeni ndo penye mtego. Dalali mmoja akisimama pande zote mbili atamtetea nani? Anajua bei yako ya chini kabisa na anajua uwezo wa juu kabisa wa mnunuzi. Wanaotetea mtindo huo wanasema dili linaenda haraka, watu wachache, maneno machache, na ni kweli linaenda haraka. Majimbo ya Colorado na Florida huko Marekani wameukataza, dalali akitaka kuhudumia wote basi anakuwa mtu wa katikati asiyemtetea yeyote. Angalau hapo kila mtu anajua amesimama peke yake.

Muuzaji nae asidai utetezi huku anamficha wakili wake kesi. Kama paa linavuja mwambie, kama ndugu wanagombania hati mwambie kabla tangazo halijatoka, maana mnunuzi makini atayajua tu wakati wa ukaguzi, na hapo bei haishuki kwa gharama ya paa peke yake, inashuka kwa gharama ya paa na hasira ya kudanganywa.

Kuna kipengele kimoja pande zote zinakisahau hadi siku ya ugomvi, nacho ni kile cha baada ya mkataba kuisha. Mikataba mingi ina maneno kwamba mtu aliyeletwa na dalali akija kununua ndani ya kipindi fulani baada ya mkataba kwisha, kamisheni bado ni ya dalali. Wauzaji wanakiona ni wizi. Mimi nakiona ni halali, bila hicho kila muuzaji angesubiri tarehe ipite ndo ampigie mteja simu, lakini kina masharti yake: kipindi kiwe kifupi, dalali akuachie orodha ya majina ya aliowaleta siku mkataba unapoisha, na kisihesabike kama umeshasaini na dalali mwingine, la sivyo utajikuta unadaiwa na wawili kwa nyumba moja. Dalali akikataa kuandika hayo majina matatu manne, usisaini.