Sirene ndiyo ilikuwa saa yetu

Asante kwa makala haya juu ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Lubumbashi, Kongo. Mwandishi ametaja urefu wake, mita 153, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio kando yake, ila ametusahau sisi tuliokulia karibu nalo. Kwetu mtaa wa Kamalondo baba aliamshwa na sirene ya kiwanda, nasi tukaamka naye. Upepo ukigeuka, moshi wenye harufu ya kiberiti uliingia mpaka darasani: koo zinawasha, mwalimu anafunga madirisha, hesabu inaendelea. Mama alikimbia kuanua shati langu jeupe la shule kabla halijanuka moshi. Siku ya posho ilikuwa sikukuu: unga, maharage, samaki mkavu, na jioni bukari (ugali) na sombe (kisamvu), majirani wanaitana. Jumapili mpira, nusu ya mtaa timu ya Mazembe, nusu Lupopo. Naomba wahariri wawatafute wajane wa wale wafanyakazi, wawarekodi sasa wangali hai. Wao ndio wanaojua posho ilivyogawanywa na nyumba zilivyoendeshwa mshahara ulipochelewa.