Kiingilio Hakilipii Taka Zako

Kuna kauli naisikia karibu kila ninapopanda kwenda Ziwa Ngozi, ziwa lililo ndani ya kreta ya volkano, na kikundi cha watu: "Iache hapo hapo, wapo wanaolipwa kuokota." Msemaji huwa ametoka Mbeya mjini asubuhi, kalipa kiingilio, kabeba maji, soda na biskuti. Chupa ikiisha, inarushwa kwenye mianzi. Naipinga kauli hiyo kwa moyo wote. Kiingilio ni ruhusa ya kuingia msituni, hakikupi mtumishi wa kukufuata nyuma.

Tumfikirie pia huyo anayedaiwa kulipwa. Askari wa misitu ana wakata miti wa kuwafukuza, ana wachoma mkaa, ana moto wa kiangazi. Ukingo wa kreta ya Ngozi ni mkali mno, na chupa ikishaporomoka kule chini hakuna wa kuifuata. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Kinachotumbukia mle kinabaki mle.

Wengine husema, "Mimi natupa maganda tu, yataoza." Yataoza, ndiyo, ila huku kwetu baridi huchelewesha kila kitu. Ganda la chungwa linalooza upesi kwenye joto la Kyela linaweza kukaa miezi mingi juu ya uwanda wa Kitulo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, ambako Juni na Julai nyasi huamka na barafu. Isitoshe, nyani akizoea mabaki ya chakula chetu ataanza kuwasubiri wageni njiani, na siku atakapomnyang'anya mtoto mfuko lawama zitamwangukia yeye.

Jambo linaloniuma zaidi halitajwi sana, maana halionekani kama uchafu. Ni njia. Msimu wa mvua njia ya Ngozi inakuwa tope tupu, na kila anayependa viatu vyake anapita pembeni, juu ya majani. Anayemfuata anakuta pembeni nako kumeshakuwa tope, anasogea zaidi. Njia ya mtu mmoja inageuka kuwa ya kupitisha ng'ombe, mizizi inabaki wazi, na mvua ikinyesha udongo unateremka na maji. Dawa yake haipendezi: pita katikati ya tope. Vaa buti za mvua, zinauzwa kila soko, ukanyage palipokwisha kukanyagwa.

Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu na ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ina aina zaidi ya 40 za maua ya okidi, ambayo mengi yana viazi ardhini. Tumewalaumu sana wanavijiji wanaochimba viazi vyake na kuviuza vivushwe kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Lawama ni ya haki, kwa kuwa kiazi kikichimbwa mmea umekufa. Lakini mchimbaji anasukumwa na ada ya shule na unga wa nyumbani. Wewe uliyeacha njia ukaenda kulala katikati ya maua upigwe picha, ulisukumwa na nini? Kweli, kiazi ulichokilalia kimebaki ardhini, ila ua lililovunjika halitatoa mbegu msimu huo. Na mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haioti mpaka ikutane na kuvu wanaofaa udongoni, kwa hiyo kila ua lina thamani yake. Picha nzuri inapatikana hata ukisimama njiani.

La kujisaidia nitalisema wazi, kwa sababu aibu ndiyo inayotuharibia. Nenda mbali na kijito, hatua 80 au zaidi, chimba shimo la kina cha kiganja, fukia. Tishu zenye maji nyingi zina plastiki ndani yake, usizifukie, rudi nazo kwenye mfuko. Vijito vya Kitulo vinamwaga maji mto Ruaha Mkuu, yanapita Usangu hadi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Kuna watu njiani wanayanywa.

Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, nasi tukazoea vikapu. Ila sheria ile ilikuwa na mgambo sokoni. Juu ya Mlima Rungwe hakuna mgambo, uko wewe na chupa yako, ambayo ilipanda imejaa na sasa ni nyepesi.

Kwa walimu wanaopeleka wanafunzi, na vijana wanaoongoza wageni, nina ombi moja. Hesabuni chupa kabla ya kuanza kupanda, mziandike, kisha mzihesabu tena mkifika chini, kabla ya mtu yeyote kuingia kwenye gari. Zikipungua, kikundi kizima kisubiri wakati waliozitupa wanarudi kuzitafuta. Watanung'unika, hasa wenye njaa na waliolowa. Wasubiri hivyo hivyo.