Seva haijazidiwa, iko kwenye foleni ya logi

Juzi nimesoma ripoti ya hitilafu yenye sentensi moja iliyonipandisha damu: "Chanzo: seva ilizidiwa na watumiaji." Ilizidiwa wapi? Prosesa ilikuwa imelala zaidi ya nusu, RAM tele, diski inaandika kilobaiti chache kwa sekunde. Kama huko ndiko kuzidiwa, basi mimi huzidiwa kila nikijilaza kwenye kochi.

Tatizo lenyewe nililikeshea usiku mbili, kwa hiyo leo msitegemee upole.

Prosesi 32 (nakala za programu zinazofanya kazi kwa pamoja), zote zinaandika kwenye faili moja la logi, yaani kumbukumbu ya kila kinachotokea. Zamani mtu mwenye nia njema aliona mistari miwili imeingiliana, akaweka flock, kufuli inayoruhusu prosesi moja kwa zamu, kabla ya kila kuandika. Akaja mwingine, mwenye nia njema kumshinda wa kwanza, akaongeza fsync, amri ya kulazimisha diski ihifadhi papo hapo, baada ya kila mstari "ili tusipoteze kitu". Matokeo yake, kwa kila mstari: chukua kufuli, andika, subiri diski ikiri kwamba imehifadhi, achia kufuli. Prosesi moja iko ndani, 31 zimepanga mstari mlangoni zikimsubiri mwenzao amalize kuandika kwamba ameanza kazi.

Pigeni hesabu nami. Tuseme mzunguko huo unachukua milisekunde 2. Sekunde moja ina nafasi ya mistari 500, basi, haiongezeki. Kama kila ombi linaandika mistari 10 (letu liliandika zaidi, kuna mtu alilogi hadi "nimefika hapa" na "nimefika hapa 2"), mfumo mzima unahudumia maombi 50 kwa sekunde. Weka prosesa 4, weka 64, ni 50 tu. Na hizo milisekunde 2 nimekadiria kwa ukarimu. Diski ya zamani inayozunguka mara 7200 kwa dakika hutumia zaidi ya milisekunde 8 kwa mzunguko mmoja.

Sasa sikilizeni tulichofanya mfumo ulipoanza kuchechemea miezi kadhaa nyuma: tulitoa prosesi 8 tukaweka 32. Yaani mlango ni ule ule, sisi tukaleta watu zaidi wa kusukumana nje. Halafu tukashangaa muda wa majibu umezidi kurefuka. Halafu, na hapa naomba mnisamehe maana nilikuwa kwenye kile kikao na nilitikisa kichwa kukubali, tukawasha logi kwa kiwango cha debagi, kinachoandika kila kitu kidogo, ili tuone nini kinachelewesha. Mistari ikawa mara tatu. Dawa na ugonjwa vikawa kitu kimoja.

Kinachoudhi zaidi ni jinsi tatizo hili linavyojificha. Ukifungua logi kutafuta ombi lilichelewa wapi, inakudanganya. Saa inayoandikwa kwenye mstari huchukuliwa pale mstari unapoundwa, kabla ya kufuli. Mstari unaosema "naiuliza hifadhidata" uliundwa, ndipo ukaenda kukaa foleni, na mteja naye akakaa nao huko huko; muda huo unaonekana kama pengo kabla ya mstari unaofuata, kana kwamba hifadhidata ndiyo nzito. Mstari hauwezi kutoa ushahidi wa muda uliotumika kuuandika. Nilizunguka humo usiku mzima wa kwanza, nikailaumu hifadhidata, nikamlaumu na jamaa wa mtandao, ambaye nimeshamwomba radhi. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye /var/log, folda ya logi.

Wala wastani wa mzigo (load average, idadi ya prosesi zinazotumia au kusubiri prosesa) haukusaidia. Kwenye Linux namba hiyo huhesabu pia prosesi zilizokwama kwenye hali ya D (usingizi usiokatizika, mara nyingi wa kusubiri diski), kwa hiyo mara nyingi diski ikileta shida utaiona ikipanda huku prosesa imelala. Lakini anayesubiri flock hulala usingizi wa kawaida, hali ya S, hahesabiwi. Dashibodi nzima ilikuwa kijani. Kijani kibichi, chenye kupendeza, na watumiaji wanapiga simu.

Kilichonifungua macho ni strace, chombo kinachoonyesha kila wito wa programu kwa keneli (kiini cha Linux), na -T yake inayopima muda wa kila wito, usiku wa pili, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili. Mistari inapita, kila wito unachukua muda usiotajika, ghafla flock: nusu sekunde. Tena flock: nusu sekunde. Nikafungua /proc/locks, orodha ya kufuli zote inayotolewa na keneli, nikakuta prosesi moja imeshika kufuli na chini yake safu ya vimshale, kila kimshale ni prosesi inayosubiri. Nilicheka peke yangu. Foleni nzima imechorwa pale, bure, tangu siku ya kwanza.

Haya, upande wa pili nao una lake. Logi zote kuwa sehemu moja ni raha wakati wa kusoma, sikatai. Na bila flock wala fsync, faili la pamoja halina ubaya mkubwa kivile: keneli bado huwapitisha waandishi mmoja mmoja kwenye mfumo wa faili wa ext4, lakini kunakili mstari kwenye kumbukumbu ni suala la maikrosekunde, wengi hamtalihisi kamwe. Pia ni kweli kwamba ukiandika kwa bafa (kukusanya mistari kwenye kumbukumbu kwanza), seva ikizima ghafla unapoteza mistari ya mwisho, na ndiyo hasa ungeihitaji. Sawa. Ila kama mstari ni wa lazima kiasi hicho, mfano rekodi ya malipo, unatafuta nini kwenye faili la maandishi? Hiyo ni kazi ya hifadhidata.

Nilichofanya ni kidogo hadi aibu. Kila prosesi inapeleka mistari yake kwa mwandishi mmoja kupitia soketi (njia ya prosesi kutumiana data), yeye peke yake ndiye anayegusa faili, anaandika kwa mafungu, na foleni ikijaa anatupa ya debagi kwanza. Hakuna kufuli, hakuna fsync. nginx, seva yetu ya wavuti, tulimwekea buffer na flush kwenye access_log, maneno mawili kwenye usanidi. (Anayetumia copytruncate, yaani kunakili logi kisha kufuta yaliyomo, kuzungusha logi zake, tutaongea siku nyingine, unapoteza mistari na hujui.) Mfumo sasa unapumua, kwenye seva ile ile "iliyozidiwa".

Ila ripoti ilishapita. Seva mpya zimeagizwa, tatu, na nimepewa kazi ya kupanga huduma zipi zihamie huko. Nimeuliza swali moja tu: logi za hizo tatu zitaandikwa wapi?

Jibu limekuja jana jioni. Zitaandikwa kwenye faili moja, juu ya NFS (faili zinazoshirikiwa na seva kupitia mtandao), "ili zote zikae pamoja". Mwongozo wa Linux wa open(2) unaonya wazi kwamba O_APPEND (kuandika mwishoni mwa faili) kwenye NFS inaweza kuharibu faili prosesi zaidi ya moja zikiongeza maandishi kwa wakati mmoja. Nimewatumia kipande hicho.

Wamenijibu kwamba hilo wameshalifikiria: wataweka flock.